Panga la Jumatano

Kila Jumatano, kabla ya adhana ya adhuhuri, nilimchinja Charo.

Nilimpigisha magoti ukingoni mwa kisima, nikamkamata ukosi, nikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa jiwe, kisha nikaliinua panga juu hata jua likamulika ubapani. Wageni walinyamaza. Wako waliofumba macho, wako waliochungulia kati ya vidole. Nililishusha panga kwa nguvu zangu zote, nikalipitisha shibiri moja kando ya shingo, likajikita kwenye gogo la mnazi nililoliweka pale kwa kazi hiyo. Charo aliporomoka, akatupa miguu, akakoroma, akatulia. Alijua kufa, bwana yule. Alikufa miaka miwili mfululizo na kila wiki alikuwa na mtindo mpya. Wageni walipomaliza kupiga makofi aliinuka, akajikung'uta mchanga, akaenda kuchochea makaa ya kuchomea samaki.

Mwaka wa themanini na tano hapakuwa na mwongoza wageni aliyejulikana kunishinda mimi, Mahadhi, kati ya Kilifi na Malindi. Sisemi haya kwa majivuno, maana sifa yenyewe mtaiona ilivyokuwa. Hoteli za Watamu ziliniletea watu, na hata kule Bofa walikuwa wakipanda gari alfajiri kunifuata. Kisiwa changu kilikuwa Tewa, kipande cha ardhi ndani ya hori ya Mida, kimezungukwa na mikoko, ambacho mtu mwenye miguu mizima angekizunguka kwa saa moja. Pana msikiti usio na paa, pana kisima, na pana kaburi moja kubwa lenye mnara wa mawe unaopita urefu wa watu wawili. Tulikwenda asubuhi maji yakijaa, tukala mchana, tukarudi kabla maji hayajatoka na kutuacha topeni.

Mwanzoni niliwaambia wageni ukweli. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi: watu waliishi hapa zamani, kisha wakahama, na sababu yake hatuijui. Mgeni aliyekesha ndani ya ndege hataki kuambiwa hatujui. Walitazama saa zao, wakauliza samaki ataiva lini. Ndipo siku moja mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kamba, akaniuliza kama pana mtu aliyewahi kuuawa pale kisimani. Aliuliza kwa matumaini. Nikamjibu, "Saba," na mpaka leo sijui hesabu hiyo niliitoa wapi.

Ukishaua saba huna budi kumpata muuaji. Jina lililokuwa tayari mdomoni mwangu, lenye uchungu wa siku nyingi, lilikuwa Mbaruk.

Ukoo wa Mzee Mbaruk ndio wenye lile kaburi la mnara. Kila mwezi wa Shaabani walivuka kwenda kulifagia, kuchoma ubani na kumsomea mzee wao. Binti yake, Kuluthumu, nilimpenda tangu tulipokuwa chuoni tukisoma juzuu, na nilipopata kazi niliwatuma wajomba zangu wakampose. Mzee aliwakaribisha vizuri, akawapa kahawa na halua, akawaacha waseme mpaka wakamaliza. Kisha akawauliza swali moja: "Makaburi yenu yako wapi?" Wajomba zangu waliinamisha vichwa. Sisi ni Watikuu wa visiwa vya kaskazini; tulikimbia risasi mimi nikiwa mtoto, tukatua huku na nyavu na masufuria, na makaburi yetu tuliyaacha huko huko. Mzee akasema hawezi kumtoa mwanawe kwa watu ambao hawana hata mtu mmoja waliyemzika hapa. Kuluthumu akaolewa Malindi, kwa mwana wa mwenye duka la nguo.

Basi nami nikamchukulia kaburi lake. Mbaruk wa kwanza, niliwaambia wageni, alikuwa na wivu wa kichaa. Mkewe alipotaka kurudi kwao, alimchinja kisimani. Ndugu sita wa mke walipokuja kumdai, akawalaki kwa heshima, akawalisha, kisha akawakata shingo mmoja mmoja walipoinama kunawa mikono. Kila msimu niliongeza chumvi. Mwaka wa pili kisima kilijaa damu mpaka ikafurika. Nilisimulia kwa Kiingereza, kwa Kijerumani na kwa Kitaliano cha kuokoteza, lugha zisizofika barazani kwa Mzee Mbaruk, na nilijiambia kwamba kumsengenya mtu kwa lugha asiyoijua si kumsengenya. Mzee alikufa bila kusikia lolote. Nilikwenda mazikoni, nikalipokea jeneza begani pamoja na wenzangu.

Ulimi hauna mfupa, ila wangu ulikuwa na miguu. Thuku, dereva wa hoteli, mtu wa bara mpenda visa, alikuwa akivuka nasi mara moja moja. Hakuwa na nia mbaya. Alikipeleka kisa changu jikoni hotelini, jikoni wakakipeleka sokoni, na sokoni kikapanda gari kwenda Malindi kwa mama mkwe wa Kuluthumu. Bibi yule alikusanya visu vyote vya nyumba akavifungia kabatini. Kuluthumu akitaka kukata kitunguu, sharti aende akaombe kisu. Akasimamiwa hadi amalize, kisu kikafutwa, kikarudi kabatini, na ufunguo ukarudi kifuani kwa bibi. Habari hizo nilizipata kwa kinyozi, povu likiwa shavuni. Nilicheka, tena nilicheka mpaka kinyozi akaondoa wembe.

Kisha ikaja siku aliyojikata kidole akimenya papai. Tone la damu lilimrukia mama mkwe kwenye leso, bibi akapiga ukelele kwamba anachinjwa. Mume alikuja mbio kutoka dukani na fimbo ya kupimia nguo mkononi. Hakuuliza. Alimpiga mkewe nayo mpaka mfupa wa mkono wa kushoto ukavunjika, na fimbo nayo ikavunjika. Talaka aliipokea akiwa kitandani hospitalini. Hayo niliyasikia siku ya Jumatatu, na safari hii sikucheka. Nilikaa barazani kwetu na kijiko cha uji mkononi mpaka uji ukaganda.

Jumatano asubuhi nilifika bandarini nikamkuta Fumo ndani ya mashua yangu. Fumo ni kaka yake Kuluthumu. Alikuwa amerudi mwezi uliotangulia baada ya miaka sita ya kazi ya melini. Alikuwa amekaa juu ya kisanduku cha injini, panga langu mapajani, akilinoa kwa kipande cha jiwe. Lile panga sikuwahi kulinoa. La mchezo halihitaji makali, na kwa madafu Charo alikuwa na kishoka chake.

"Sabalkheri, Fumo."

"Sabalkheri, Mahadhi. Charo ana homa. Kaniomba nishike injini leo."

"Wewe na mashua za wageni wapi na wapi?"

"Nimekula bahari miaka sita. Haya maji ya magotini hayatanishinda."

Baada ya salamu kwetu hufuata habari za nyumbani: mama yu hali gani, ndugu wazima, watoto hawajambo. Mtu asiyeuliza huonekana hana malezi. Nilifungua kinywa kuuliza, nikaiona akilini bendeji nyeupe ya mkono wa Kuluthumu, nikakifunga. Fumo aliniangalia nikishindwa kumuuliza habari za kwao. Aliendelea kunoa, na ile sauti ya jiwe juu ya chuma ilinifuata mpaka wageni walipofika.

Nilijipa moyo. Fumo aliacha shule darasa la tano, matako yana alama za viboko vya somo la Kiingereza. Na meli yenyewe, nilisikia, ilikuwa ya Wagiriki. Nikajiambia, leo nitawatembeza wageni, nitawalisha, nitawarudisha, na habari ya kisima sitaigusa.

Walikuwa kumi na mmoja. Mmojawao alikuwa mzee wa Kiskoti mwenye nyusi nyeupe zilizochakaa kwa upepo, ambaye alikaa karibu nami na kuniuliza maswali ya mtu ajuaye kazi: maji yanatoka saa ngapi, kina ni kiasi gani pale kwenye mkono wa mikoko, mgeni akivunjika mguu nampelekaje. Nilipostaajabu akatabasamu. Alisema kwao ni kisiwani pia, kisiwa cha milima na mvua, na kila kiangazi yeye ndiye anayewazungusha wageni kwa siku moja kisha anawarudisha feri ya jioni. "Mimi na wewe ni kazi moja," akasema, akanipa mkono upya.

Tewa siku ile ilipendeza kama iliyojua. Niliwaonyesha kibla cha msikiti na mabakuli ya kaure yaliyopachikwa ukutani, yaliyosalia vipande. Niliwaonyesha mikoko ya aina tatu na chaza walioshika mizizi. Wageni walifurahi, na mimi nikaanza kupumua. Kwenye njia panda ya kisima niliwageuza upande wa pwani, palipokuwa na makaa na harufu ya changu wakichomwa. Fumo alikuwa amechuchumaa hapo akigeuza samaki, panga limelala mchangani karibu na kisigino chake.

Mama mmoja mwenye kofia nyekundu akasimama katikati ya njia.

"Na yale mauaji?" akauliza. "Rafiki yangu alikuja mwaka jana. Alisema nikikosa kila kitu Afrika, hicho nisikikose."

Nilimwambia ni hadithi ndogo tu ya watu wa kale. Akasema ndiyo hiyo hiyo anayoitaka. Wenzake wakamuunga mkono. Nikawarudisha kisimani, nikaanza: hapo kale palikuwa na bwana mmoja, jina lake Sultani Hamadi.

"Hapana," akasema mama wa kofia. Alitoa kijidaftari mkobani, akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Ni Mbaruk. Hapa nimeandika."

Alilitamka vibaya, lakini lilikuwa lenyewe. Fumo aliinua kichwa kutoka kwenye makaa.

Ningeweza kukomea hapo. Ningeweza kusema nimeumwa na tumbo. Lakini watu kumi na mmoja walikuwa wamenizunguka na nyuso zimefunguka, nami nilikuwa na mazoea ya nyuso hizo kuliko mraibu na miraa yake. Nikasimulia. Maneno ya kwanza yalitoka makavu. Kufika maiti ya tatu, ulimi ulikuwa umelainika. Kufika ya nne, Mungu anisamehe, nilikuwa naona raha. Nilionyesha kwa mikono jinsi shingo ilivyofunguka. Nilionyesha mahali mke alipokwaruza jiwe kwa kucha, na mama mmoja akalipapasa lile jiwe kwa kidole chake.

Ikafika zamu ya kumwita Charo. Nikakumbuka hayupo.

Fumo alikuja kutoka pwani bila haraka, panga mkononi. Alisimama mbele ya wageni, akavua kofia yake ya ubaharia, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu: "Mabibi na mabwana, leo mchezo utakuwa tofauti kidogo. Mimi ni mtoto wa ukoo huu wa Mbaruk, kwa hiyo kuchinja nitachinja mimi."

Wageni walishangilia. Mjerumani mmoja alibadilisha filamu kwenye kamera yake mbio mbio asije akakosa. Mkono wa Fumo ulinishika ukosi, mkono mgumu kwa kamba na chuma, ukanishusha mpaka magoti yangu yakagonga jiwe. Miaka miwili nilikuwa nikimpigisha Charo magoti pale, na sikuwahi kujua kwamba jiwe lile huchoma saa ile ya mchana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Aliinama sikioni kwangu. Hapo alirudi kwenye lugha yetu.

"Charo hana homa. Nilimwomba siku moja tu."

"Fumo, ndugu yangu."

"Wataje wale saba. Mmoja mmoja, kwa sauti, wageni wako wasikie."

Nikamtaja mke, Aziza. Ubapa wa panga ulitua mgongoni mwangu, kati ya mabega, na pumzi yote ikanitoka. Wageni wakacheka kwa mshtuko. Nikamtaja Shee. Ubapa ukarudi palepale. Nikamtaja Kombo. Kuanzia hapo wageni walianza kuhesabu kwa pamoja kama watoto wanaoruka kamba, na kila walipohesabu panga lilitua, na kila lilipotua ngozi ilizidi kufunguka chini ya shati. Bakari. Vae. Wa sita nilimwita Nyange, na jina hilo lilitoka pamoja na mate yenye damu, maana nilikuwa nimejiuma ulimi. Nilitaka kupiga kelele, niwaambie si mchezo. Lakini kelele Charo alikuwa akipiga kila wiki.

"Wa saba," akasema Fumo.

Nilitafuta jina, nikalikosa. Miaka miwili nilikuwa nimewaua sita kwa majina, na wa saba nilimpitisha kila wiki katika makofi bila mtu kumuulizia.

"Sina," nikasema.

"Unaye. Wa saba ni Kuluthumu."

Safari hii hakutumia ubapa. Nilisikia upepo, kisha sikio langu la kulia likawa la moto, kisha likawa baridi, na kitu chenye uzito wa embe ng'ong'o kikadondoka begani kwangu kikaviringika mpaka kisimani. Nusu ya sikio. Damu ilinichuruzika shingoni ikaingia kwenye mfereji wa jiwe, ule ambao nilikuwa nikiwaambia wageni ulichongwa kwa ajili hiyo. Makofi yalilipuka. Mjerumani alipiga goti karibu nami, akapiga picha, akaomba niinue uso kidogo.

Mzee wa Kiskoti peke yake ndiye ambaye hakupiga makofi. "Ile ni damu," akasema. Mtu akamnyamazisha. Alisogea hata akafika kati yangu na wageni, akamtazama Fumo. "Kijana, inatosha." Sidhani kama Fumo alimsikia. Panga lilikuwa limening'inia mkononi mwake, machozi yakimtoka bila sauti.

"Waambie ukweli," akaniambia. "Kwa lugha yao."

Nikawaambia, palepale magotini. Niliwaambia hapakuuawa mtu Tewa. Niliwaambia niliposa nikakataliwa, nikaona uchungu, nikachukua jina la mzee wa watu nikalichafua mbele ya kila aliyeshuka kwenye ndege. Kwamba mwanamke mmoja amevunjwa mkono kwa maneno yangu, na huyu mwenye panga ni kaka yake.  Kisha mama wa kofia nyekundu akaanza kupiga makofi polepole, macho yamemlowa, wenzake wakamfuata. Alimwambia jirani yake kwamba rafiki yake hakuwahi kumtajia sehemu hii ya mwisho, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Walikwenda kula samaki. Fumo alishusha ndoo kisimani, akaipandisha, akanimwagia maji kichwani. Maji ya Tewa siku hizi yana chumvi. Nililia kama mtoto. Aliketi juu ya gogo la mnazi, panga kalitupa mbali.

"Unajua nani amelala pale?" akauliza, akielekeza kidevu kwenye mnara.

"Babu yenu."

"Ndui iliingia hapa. Wenye nguvu wakakimbia. Yeye alikuwa na nguvu na hakukimbia, alibaki kuwatekea wagonjwa maji kwa kisima hiki. Walipokufa aliwazika. Mpaka akabaki peke yake, na yeye ikamshika. Sasa yeye nani alimzika?"

"Sijui."

"Mtikuu. Mvuvi mpita njia, aliingia kutafuta maji ya kunywa. Akamkuta amekufa, akamuosha, akamzika, akawapasha habari waliokimbia, akaenda zake; mnara walijenga wao baadaye. Jina lake hatulijui. Kila Shaabani baba alikuwa akisoma Fatiha mbili, moja ya mzee wetu, moja yake."

Nilijaribu kubandua shati lililogandamana na mgongo. "Baba yako," nikasema mwishowe, "aliwauliza wajomba zangu makaburi yetu yako wapi."

Fumo alichukua mchanga kwenye kiganja, akaumwaga. "Baba alikuwa na makosa yake," akasema. "Mimi nimeongeza langu leo. Ukitaka kwenda polisi, nenda, sitakana." Aliinuka. "Jumatano ijayo atakuja Kuluthumu. Mimi sitakuwepo. Utamwambia hapa hapa, kwa lugha yake."

Kwenye mashua mzee wa Kiskoti alinifunga kichwa kwa kitambaa chake cha shingo. Alikuwa na mikono ya mtu aliyezoea kufunga kondoo. Wengine walikuwa wakisinzia kwa jua na kushiba. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kisiwani kwao kuna jabali juu ya bahari, na kila kiangazi yeye huwatupa watu kutoka juu ya jabali lile, familia nzima, na watoto wao. Wageni hulipenda. Aliipokea hadithi hiyo kwa mwongozaji aliyemtangulia.

"Na kweli walianguka?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Jina la ukoo wao lipo bado kijijini. Mmoja ndiye anayeniuzia maziwa."



Polisi sikwenda. Hospitali nilisema nimekatwa na bati la injini. Wiki nzima nilikaa na jeraha langu nikingoja hasira zije, maana mimi nazijua hasira zangu, haziniachi kwa siku nyingi. Hazikuja. Kilichokuja, kila nilipofumba macho, ni kisu cha kitunguu kikifutwa kwa kitambaa na kurudishwa kabatini.

Jumatano alikuja. Alikaa mbele kabisa ya mashua, buibui limemfunika, mkono wa kushoto umo ndani ya plasta na kitanzi cha leso shingoni. Tulisalimiana. Nikamuuliza mama hajambo, na ndugu, na majirani. Niliuliza zote, moja baada ya moja, mpaka nikazimaliza. Alijibu zote salama, bila kuniangalia. Charo, nyuma kwenye injini, alikuwa na haya ya mtu aliyedanganya homa.

Wageni walikuwa wanane. Kufika kisimani waliulizia mauaji, maana habari za sikio langu zilikuwa zimezunguka hoteli zote na mahali pakawa na sifa maradufu. Niliwaambia kwa Kiingereza kwamba hapa hakuuawa mtu. Kwamba hapa mtu mmoja alibaki kuteka maji wenzake walipokimbia. Walinisikiliza kwa adabu. Wawili wakaenda kuogelea. Mmoja akaomba basi angalau alipige picha jeraha langu.

Kisha niligeuka nikamkabili Kuluthumu, nikazungumza Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza kusimulia kwa Kiswahili katika kisiwa kile, na nilishangaa jinsi maneno yalivyokosa pa kujificha. Nilimwambia yote: wajomba na kahawa yao, yule mama wa miwani ya kamba, wale saba, jeneza la baba yake begani kwangu. Nilimwambia na kisa cha kinyozi, kwamba nilicheka. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, na nikajua kwamba mengine yote alikuwa ameshayasikia. Hakulia. Alikuwa akitazama lile jiwe la ukingoni, ambapo palikuwa na doa jeusi lisilotaka kutoka.

"Nina kiu," akasema.

Charo alichukua dafu, akatafuta kishoka chake.

"Nipe panga, Mahadhi," Kuluthumu akasema. "Nitalipasua mwenyewe."

Charo alinitazama. Panga lilikuwa limeegemezwa kisimani, likiwa na makali yake yale yale aliyoyatia Fumo. Nililiendea, nikalishika upande wa chuma, nikalielekeza kwake mpini. Vidole vyake viliuzunguka mpini polepole, kisha vikakaza. Alilipima uzito, akaligeuza juani, upande huu na upande huu. Kabatini mwa mkwewe halikuwamo panga.

"Mkono wangu mmoja hauwezi kushika," akasema. "Nani atanishikia?"

Nilipiga magoti kwenye lile jiwe la moto. Nililiweka dafu juu ya gogo la mnazi, nikalishika kwa mikono miwili, vidole vimetandazwa, kichwa karibu. Nyuma yangu wageni walikuwa wakizungumza juu ya chakula. Hakuna aliyetoa kamera.

"Usitikisike," Kuluthumu akasema.

Akaliinua panga. Sikufumba macho.